Maswali na Majibu: Kilimanjaro na Everest, pesa za Kilwa huko Australia, na ile kalenda ya miaka 823

Maswali ya safari hii ni yale yaliyoletwa na wengi. Kabla hujatuma la kwako, ombi moja: andika ulilisikiaje na lina tarakimu gani. Mambo ya ajabu ya dunia karibu yote yana sharti lake: kutoka wapi, kuanzia lini, kwa kipimo gani. Anayeyasambaza hulikata sharti ili ujumbe uwe mfupi, na kilichokuwa kweli kinakuwa uongo hapohapo.

Shikamoo mwalimu. Kijana wangu anashikilia kwamba Kilimanjaro ni mrefu kuliko Everest. Nimjibu nini? (Msomaji, Moshi)

Marahaba. Mjibu kwamba amekata sharti. Kutoka usawa wa bahari, Everest una mita 8,848.86, kipimo kilichotangazwa kwa pamoja na Nepal na China mwaka 2020. Kilimanjaro una mita 5,895. Hapo hakuna ubishi. Lakini ukipima kutoka kitovu cha dunia, kilele cha Kibo kiko mbali kuliko kilele cha Everest, tena kwa kilomita 1.7 hivi. Huenda ndicho alichokisikia.

Sababu ni umbo la dunia. Si duara kamili. Imetuna kiunoni kwa sababu inazunguka. Kutoka kitovu hadi usawa wa bahari kwenye ikweta ni kilomita 6,378.14, na kwenye ncha ni kilomita 6,356.75. Tofauti ni kilomita 21.4, na mlima ulio karibu na ikweta unaanzia juu ya huo mtuno.

Akitaka kuhakikisha, afanye hesabu kwenye kikokotoo cha simu. Achukue latitudo ya mlima, atafute saini yake (kile kitufe cha "sin"), aizidishe kwa yenyewe, kisha azidishe kwa 21.4. Jibu alitoe kwenye 6,378.14, halafu ajumlishe urefu wa mlima kwa kilomita. Everest uko latitudo 28: saini ni 0.469, ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.22, mara 21.4 ni 4.7. Ukitoa na kujumlisha unapata karibu 6,382.3. Kilimanjaro uko latitudo 3.1: unachotoa ni 0.06 tu, na jibu ni karibu 6,384. Kosa la kawaida ni kikokotoo kuwa kwenye radiani badala ya digrii. Ukiona saini ya 28 inatoka 0.27, ujue uko huko, badilisha kwanza.

Kinachonisikitisha ni kwamba watu wanaishia Kilimanjaro, wakati Mlima Kenya wenye mita 5,199 uko karibu juu ya ikweta kabisa na unafika kilomita 6,383.3. Nao unaupita Everest. Kilele cha Margherita cha Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mita 5,109, nacho kinaupita. Milima mitatu ya Afrika Mashariki, na vijana wetu hawaambiwi. Lakini asiseme Kilimanjaro ndio wa kwanza duniani kwa kipimo hicho. Chimborazo wa Ecuador, mita 6,263, unauzidi kwa mita mia nne na kidogo.

Na onyo ambalo hukuliomba. Hesabu hii haina uhusiano wowote na pumzi. Hewa nayo imetuna pamoja na dunia, kwa hiyo kinachomuumiza mpandaji ni urefu kutoka usawa wa bahari. Kileleni Everest kanieneo ya hewa ni kama theluthi ya ile ya pwani. Kileleni Kibo ni karibu nusu. Nusu inatosha kumuua mtu mwenye haraka. Wanaonunua safari ya siku 5 ili kuokoa hela za geti wanacheza na uvimbe wa ubongo na maji kwenye mapafu. Chukua siku 7 au 8. Kichwa kikiuma na kutapika kukaanza, dawa ya uhakika ni kushuka, hata kama ni usiku.

Agosti 2026 ina Jumamosi 5, Jumapili 5 na Jumatatu 5. Wanasema hutokea mara moja kila miaka 823 na ukituma kwa watu 10 utapata pesa. Ni kweli? (Wasomaji wengi mno)

Si kweli, na kwa swali hili subira imeniishia, maana kalenda mnayo ukutani.

Mwezi wa siku 31 ni wiki 4 kamili, yaani siku 28, na siku 3 za ziada. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo wa mwezi lazima zijitokeze mara 5. Mwezi ukianza Jumamosi, utakuwa na Jumamosi, Jumapili na Jumatatu tano tano. Ukianza Jumatano, utakuwa na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tano tano. Miezi ya siku 31 iko 7 kwa mwaka, kwa hiyo karibu kila mwaka kuna angalau mmoja unaoanza Jumamosi. Ukishikilia Agosti peke yake, ilianza Jumamosi mwaka 2015, ikaanza tena 2020, inaanza 2026, na itaanza 2037. Miaka 823 iko wapi hapo?

Tena hiyo namba haiwezekani kwa kalenda yetu. Miaka 400 ya kalenda ya Gregori ina siku 146,097, ambazo ni wiki 20,871 kamili bila baki. Maana yake kila baada ya miaka 400 kalenda inajirudia yote kama ilivyokuwa, na hakuna mpangilio wa siku unaoweza kusubiri miaka 823.

Ujumbe wa namna hii ukija na kiungo cha kubofya, usibofye. Ukikutaka uandike namba ya simu na namba ya siri ili "upokee baraka", hapo hakuna maarifa tena, kuna mwizi.

Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini?

Hapana. Kwa upana wake wa mita chache na umbali wa kilomita 384,400, ni sawa na kuona unywele mmoja ulio karibu kilomita 4 kutoka ulipo. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani mwaka 2003, alikuwa karibu na dunia kuliko mwezi ulivyo kwa mbali sana, na alisema hakuuona.

Mwongozaji wa watalii alituambia mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa. Mbona vitabuni siikuti? (Msomaji, Voi)

Huikuti kwa sababu haikutokea. Na huhitaji maktaba kuivunja. Unahitaji tarehe mbili.

Mpaka ulichorwa kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Mjukuu anayesemwa, Wilhelm wa Pili, mtoto wa binti mkubwa wa Victoria, alishika kiti cha ufalme Juni 1888. Mwaka 1886 mfalme wa Ujerumani alikuwa babu yake wa upande wa baba, Wilhelm wa Kwanza, mzee aliyezaliwa 1797, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria hata kidogo. Hiyo zawadi ingepewa nani?

Kilichotokea ni biashara ya wakoloni. Mwingereza Harry Johnston alijipatia makubaliano upande wa Taveta mwaka 1884. Mwaka uliofuata Wajerumani nao wakapata saini ya Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Kila upande ulikuja mezani na karatasi zake. Waingereza walitaka Mombasa na njia ya kuingia bara. Wajerumani walitaka eneo la mlima walilodai. Ndipo mstari ukaanzia mdomo wa mto Umba, ukaenda Ziwa Jipe, ukazunguka mlima kwa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria kwenye latitudo 1 kusini. Mpindo unaouona kwenye ramani ni alama ya kukatiana huko.

Hadithi ya zawadi inapendwa kwa sababu ni nyepesi kusimulia ndani ya gari. Mimi naichukia kwa sababu inawatoa watu wetu kwenye habari. Inamfuta Mangi Rindi, inawafuta Wachaga na Wataveta, inawafuta makarani waliochora mstari kwa rula, na inabakiza bibi mwema na mjukuu. Waongozaji, mna habari ya kweli iliyo kali kuliko hiyo. Simulieni hiyo.

NASA wametangaza dunia itakuwa na giza siku 3. Tujiandaeje?

Hawakutangaza. Uvumi huu hurudi karibu kila mwaka ukiwa umebadilishwa mwezi tu. Habari ya NASA isiyo kwenye tovuti ya NASA yenyewe usiitume.

Nimewahi kwenda Nanyuki. Jamaa ana beseni lenye tundu: upande wa kaskazini wa ikweta maji yanazunguka hivi, kusini yanazunguka kinyume, na juu ya mstari yanashuka wima. Niliona kwa macho yangu. Kwa nini mnasema ni uongo? (Msomaji, Nakuru)

Macho yako hayakukosea. Maji yalizunguka kama ulivyosema. Kilichokosewa ni sababu uliyopewa.

Nguvu inayotajwa, ile ya Coriolis, ipo kweli. Inatokana na dunia kuzunguka, na ndiyo inayogeuza vimbunga upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini. Lakini juu ya ikweta ni sifuri, na huongezeka kidogo kidogo unapoondoka. Jamaa anasogea hatua ishirini au thelathini. Chukua mita 20: hapo nguvu hiyo ni dhaifu zaidi ya mara laki mbili kuliko ilivyo katika mji wa Boston, Marekani, latitudo 42. Nimeitaja Boston kwa makusudi. Nje kidogo ya mji huo, katika chuo cha MIT, Ascher Shapiro alifanya jaribio hili mwaka 1962, na tazama alivyohangaika. Alitumia tangi la duara lenye upana wa karibu mita 1.8 na kina cha sentimita 15. Tundu lilikuwa la kama sentimita 1, katikati kabisa. Alijaza maji, akayaacha yatulie saa 24 yakiwa yamefunikwa. Alipofungua, maji yalichukua dakika 20 kuisha, na kwa dakika 12 za mwanzo hakikuonekana kitu. Ndipo kijiti kilichoelea kikaanza kugeuka, kinyume cha saa. Mwaka 1965 wengine wakalirudia Sydney, na huko kikageuka upande wa saa. Hizo ni latitudo za mbali na ikweta, katika maji yaliyolala usiku mzima. Beseni la barabarani limejazwa sasa hivi, limebebwa, limetikiswa, na linakwisha kwa dakika moja.

Basi maji yanageuzwa na nini? Na mkono. Ukienda tena, usiangalie kijiti, angalia anavyomimina. Akimwaga maji pembeni kulia mwa tundu, yanaingia yakiwa na mzunguko wa upande mmoja. Akimwaga kushoto, yanapata wa upande wa pili. Akimwaga taratibu katikati na kusubiri kidogo, hayazunguki. Wengine hubeba beseni na kugeuka nalo mwili mzima kabla ya kuliweka chini, na maji hubaki na huo mgeuko. Mzunguko mdogo usiouona huongezeka kasi maji yanapokaribia tundu, ndiyo maana kosa dogo la kumimina linakuwa kimbunga mbele ya kamera.

Jaribu nyumbani. Toboa beseni la plastiki katikati, tundu lisizidi kidole kidogo. Liweke juu ya matofali mawili, lisitikisike. Ziba tundu kwa chini, si kwa juu, maana ukichomoa kizibo kwa juu mkono wako unakoroga. Jaza, funika, acha hadi kesho. Chomoa kwa chini bila kugusa beseni, na uweke njiti ya kiberiti ielee juu ya maji. Rudia mara kumi na uandike kila mara. Utapata kulia, kushoto na hakuna, bila mpango, iwe uko Nakuru au Songea.

Mlipe yule jamaa, ametafuta riziki yake kwa ustadi. Ila mwalimu anayepeleka wanafunzi pale na kurudi nao wakiwa wameandika daftarini kwamba wameona Coriolis amewadhulumu. Nguvu ya kweli waonyeshwe kwenye ramani ya vimbunga: ndani ya digrii 5 za ikweta ni nadra kimbunga kuanza, na Mombasa, Lamu na Mogadishu ziko ndani au pembezoni mwa ukanda huo. Kusini zaidi ulinzi unapungua. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliharibu Unguja, na Hidaya kiligonga Mafia Mei 2024. Wavuvi wa Kilwa na Mafia wasidanganywe kwamba ukanda wetu wote una kinga.

Vita fupi kuliko zote ilikuwa Unguja. Ilichukua dakika 38, 40 au 45? Kila mahali naona namba yake.

Zote zinatokana na asubuhi moja, 27 Agosti 1896. Kinachotofautiana ni wapi mtu anaanza na kumaliza kuhesabu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza, nao wakampa mwisho saa 3 kamili asubuhi tarehe 27. Mizinga ya meli ilianza saa 3:02 na kunyamaza kama saa 3:40. Toka 3:02 hadi 3:40 ni dakika 38. Anayeanzia muda wa mwisho wa onyo anapata 40. Anayeufikisha mwisho saa 3:45 anapata 45. Mkiandika, semeni mmehesabu kutoka wapi.

Na tafadhali, saa "9:02" ya vitabu vya Kiingereza ni saa 3:02 yetu. Nimesoma makala nzima ya Kiswahili inayosema Unguja ilipigwa "saa tisa alasiri".

Zaidi ya dakika, kumbukeni watu. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya sultani, Glasgow, ilizamishwa mbele ya mji kwenye maji mafupi, na milingoti yake ikabaki imechomoza kwa miaka. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akatoroshewa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishwa Seychelles na Saint Helena, akafia Mombasa mwaka 1927. Wanaoicheka vita hii kama kichekesho cha mitandaoni hawajui wanachekea makaburi.

Ni kweli Kleopatra yuko karibu na safari ya mwezini kuliko na ujenzi wa piramidi?

Kweli, mradi useme ni Piramidi Kuu ya Giza. Ilikamilika karibu mwaka 2560 kabla ya Kristo. Kleopatra alifariki mwaka 30 kabla ya Kristo. Hiyo ni miaka 2,530 hivi. Toka 30 kabla ya Kristo hadi 1969 ni miaka 1,998, si 1,999, kwa sababu hakuna mwaka 0.

Nyimbo zipi maarufu za ng'ambo zina Kiswahili? Nina orodha lakini siiamini. (Msomaji, Muscat)

Una haki ya kutoiamini. "All Night Long" ya Lionel Richie, ya mwaka 1983, iko kwenye kila orodha, na si ya Kiswahili. Ukiondoa "jambo", kile kipande cha katikati ni maneno ya kubuni, na Richie mwenyewe amesema hivyo. "Liberian Girl" ya Michael Jackson, kwenye albamu ya Bad ya 1987, ndiyo ina Kiswahili, na kinasemwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Jambo la kuangalia ni kwamba Liberia hawazungumzi Kiswahili. Kwa watunzi wengi wa Marekani kilikuwa lugha ya Afrika nzima.

Ninayotaka uiweke juu kabisa ni "Baba Yetu" ya Christopher Tin. Ni sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV wa mwaka 2005. Baadaye ilirekodiwa upya na kwaya ya Soweto Gospel Choir kwa albamu ya Calling All Dawns ya 2009, na Februari 2011 ikapata Grammy. Ni muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kuipata tuzo hiyo, na uliimbwa kwa Kiswahili. Redio zetu zinacheza nini Jumapili asubuhi, hata watoto wetu wasiujue?

Nyumba aliyozaliwa Freddie Mercury ni ipi hapo Mji Mkongwe?

Hakuzaliwa nyumbani. Farrokh Bulsara, ndilo jina la kuzaliwa la huyo mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa katika hospitali ya serikali Unguja, 5 Septemba 1946. Familia iliondoka mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, yeye akiwa na miaka 17, na sehemu kubwa ya masomo yake aliipata Panchgani, India. Ukitozwa hela mlangoni kuonyeshwa "chumba alichozaliwa", rudisha mfukoni.

Pesa za Kilwa zimeokotwa Australia. Je, hii si ushahidi kwamba Waswahili waliigundua Australia kabla ya Wazungu? (Msomaji, Lindi)

Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg, aliyekuwa na kazi ya rada, aliokota sarafu 9 mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa Australia. Aliziweka kwenye kopo kwa miaka, na mwaka 1979 ndipo akazipeleka kwa wataalamu. Tano zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa, za karne kadhaa kabla ya Wazungu kuijua njia hiyo.

Sehemu ya pili haifuati. Sarafu 9, nimesema 5 za Kilwa. Nne zilizobaki ni za Waholanzi, na ujumbe wanaotumiana watu huziacha kila mara. Vitu vikikutwa pamoja, haviwezi kuwa vimefika pamoja kabla ya kile kipya kuliko vyote kutengenezwa. Kama fungu ni moja, lilifika baada ya meli za Kiholanzi kuanza kupita huko. Kama si moja, basi Isenberg hakuandika kila sarafu ilikuwa kina gani na imelala na nini, na jibu limepotea na mchanga. Sarafu husafiri mbali kuliko aliyeitengeneza. Wareno waliipora Kilwa mwaka 1505 na kufikia mwaka 1511 walikuwa wameshika Malaka. Pesa ya Kilwa mfukoni mwa baharia yeyote ingeweza kufika kusini mashariki mwa Asia na kuendelea mbele.

Kilwa haihitaji kuongezewa Australia ili iwe kubwa. Iligonga sarafu zake yenyewe, pesa yake moja imepatikana Great Zimbabwe, na magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Hayo yana ushahidi uliochimbwa kwa utaratibu, na ndiyo ya kujivunia.

Na wewe uliye Lindi, sikiliza hili kuliko yote. Ukiona sarafu ya shaba ufukweni, usiisugue kwa limau, majivu wala mchanga. Ule ukoga wa kijani umeshikana na maandishi. Ukiutoa, jina la sultani linaondoka nao. Ipige picha ilipo kabla hujaiinua, ukiweka rula au njiti ya kiberiti kando yake ili ukubwa uonekane. Andika mahali kwa alama zisizohama: hatua ngapi kutoka mbuyu, upande gani wa kisima. Ifunge kwenye karatasi kavu, si kwenye mfuko wa plastiki unaotoa jasho, na uipeleke ofisi ya Mambo ya Kale. Kuchimba kutafuta nyingine ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ni hasara, maana sarafu isiyojulikana ilikotoka ni kipande cha shaba tu.

MV Liemba ndiyo ile meli ya kwenye filamu ya The African Queen?

Siyo. Riwaya ya C. S. Forester ya 1935 iliyozaa filamu ya 1951 ilichochewa na vita vya Ziwa Tanganyika, lakini meli ya Kijerumani kwenye filamu inalipuliwa, na Liemba ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, mafundi walizipaka injini grisi nzito kila mahali kabla ya kuizamisha, wakitumaini kuirudia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sifa ya meli hii kudumu ni ya wale mafundi na ndoo zao za grisi, na filamu haiwataji.

Ni kweli siku moja kwenye sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake?

Inategemea siku gani. Kujizungusha mara moja huichukua siku 243 za dunia, na kulizunguka jua siku 225, kwa hiyo hapo ni kweli. Lakini kutoka macheo hadi macheo ni siku 117 hivi, kwa sababu inajizungusha kinyume. Na jua huko linachomoza magharibi.